Baridi Yabisi, Kidingapopo na Chikungunya: Majina ya Maradhi ya Viungo katika Historia ya Utafiti wa Tiba

Katika maneno ya tiba yaliyomo katika Kiswahili, ni machache yatumikayo kwa wingi kama neno baridi yabisi. Mzee wa Lamu ashindwaye kukunja goti alfajiri husema ana baridi yabisi. Na mfugaji wa Getanuwas, katika nchi ya Hanang, ambaye nyumbani husema Kidatoga na kwa jirani husikia Kiiraqw, afikapo mbele ya tabibu hana budi kutafuta neno la Kiswahili la maumivu yake, na neno alionalo karibu ni lilo hilo. Kwa neno moja huitwa kulika kwa mifupa kwa sababu ya uzee, uvimbe wa vifundo vya vidole, homa ya watoto ifuatayo maradhi ya koo na kuuacha moyo na kilema, hata maumivu ya viungo yaletwayo na mbu au na maziwa. Neno lililobeba mizigo mingi namna hii lastahili kuchunguzwa, na pamoja nalo majina mengine ambayo watu wa Afrika ya Mashariki wameyapa maradhi ya viungo. Katika historia ya majina hayo kuna jambo ambalo madaktari walichukua zaidi ya miaka themanini kulitambua.

Yabisi ni neno la Kiarabu, maana yake kikavu. Pamoja na baridi, hari na rutuba, lilikuwa moja katika tabia nne ambazo tiba ya Kiyunani, iliyopokewa na kuendelezwa na Waarabu, iliamini kuwa ndizo ziutawalazo mwili. Mwili ulipozidiwa na ubaridi na ukavu pamoja, viungo viligandamana kama ngozi iliyoachwa juani. Hivyo basi jina baridi yabisi halielezi dalili tu. Limebeba elimu nzima ya zamani, na anayelitaja leo huitaja elimu hiyo bila kujua. La kustaajabisha ni kwamba Ulaya, iliyopokea tiba ile ile ya Kiyunani, ilichagua upande wa pili. Neno lao la maradhi haya latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mtiririko, kwa kuwa walidhani kuna maji mabaya yashukayo kutoka kichwani na kukaa katika maungo. Na jina lao la jongo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya tone. Kwao maradhi yalikuwa ya majimaji, kwa Waswahili yalikuwa ya ukavu. Rutuba nayo imehama kabisa, imekwenda shambani, na pengine ni wachache wakumbukao kwamba iliwahi kuwa neno la tabibu.

Elimu ya kutenganisha maradhi haya ni changa hata huko Ulaya. Ilikuwa mwaka 1859 Alfred Garrod wa London alipotoa kitabu chake juu ya jongo na kulipa jina la pekee lile gonjwa la viungo ambalo si jongo, jina litumikalo na madaktari hata leo. Tangu hapo kila kizazi cha watafiti kimeyagawa zaidi maradhi yaliyokuwa yamefungwa katika furushi moja. Lakini kuna sura moja ya kazi hiyo ambayo chanzo chake hakikuwa London wala Paris, bali Unguja.

Daktari James Christie, Mskoti, alifanya kazi ya utabibu Unguja kuanzia miaka ya 1860 hata miaka ya 1870, na wanahistoria humjua zaidi kwa kitabu chake cha mwaka 1876 juu ya kipindupindu. Katikati ya mwaka 1870 aliona mjini maradhi asiyoyajua. Mtu mzima, mwenye afya, alishikwa ghafula na maumivu makali ya maungo, magoti na vifundo vya miguu na mikono, akapata homa, kisha vipele. Homa iliondoka baada ya siku chache, lakini viungo havikutulia. Maumivu yalirudi na kurudi, na watu waliokwisha kupona walionekana wakitembea kwa shida. Christie aliuliza, na jambo hili ni la kumsifu, kwa maana wengi wa wakati wake hawakuwauliza wenyeji jambo lolote ila njia. Wazee walimjibu kwamba maradhi hayo si mageni: yalikuja zamani, takriban nusu karne nyuma, mwaka ambao yeye aliuhesabu kuwa 1823, na jina lake ni kidinga pepo. Walimfafanulia kuwa ni mkazo wa ghafula, kama wa mshipa uliokamata, uletwao na pepo. Mwaka 1872 alichapisha habari hizo katika jarida la madaktari la Uingereza, na jina la Kiswahili likiwa katika kichwa cha makala.

Wazee hao hawakuwa na kitabu cha tiba. Walichokuwa nacho ni neno, na neno hilo liliwawezesha kuyatambua maradhi ambayo vijana wao hawakuyaona maishani. Hapa jina lilifanya kazi ya kumbukumbu ya hospitali kabla ya hospitali kuwako.

Kutoka Unguja maradhi yalifuata njia za merikebu. Mwaka 1871 yalikuwa Aden, kisha yakavuka kwenda Bara Hindi na kuenea. Christie aliyafuatia kwa barua na taarifa, na mwaka 1881, akiwa amekwisha kurudi Uskoti, alitoa makala nyingine yenye dai kubwa zaidi. Katika mwaka 1827 visiwa vya Karibi, kuanzia Saint Thomas, vilikuwa vimepigwa na homa ya namna iyo hiyo, ya kushika maungo ghafula na kuyaacha yakiuma muda mrefu. Watu wa huko waliiita kwa majina mawili matatu, na mojawapo, “dengue”, ndilo lililoshinda. Kwa Kihispania neno hilo lina maana ya madaha au kujinyonganyonga, na wengi walidhani maradhi yalipewa jina hilo kwa sababu ya mwendo wa kukakamaa wa wagonjwa. Christie alisema la: jina na maradhi vilitoka pamoja pwani ya Afrika ya Mashariki katika merikebu za watumwa, na “dengue” si kitu ila “dinga” iliyopita katika masikio ya Wahispania.

Wataalamu wa lugha wamelipokea dai hili kwa tahadhari, na inafaa wafanye hivyo. Mlingano wa sauti hautoshi kuwa ushahidi, hasa pale ambapo lugha iliyopokea ina neno lake lenye maana ya karibu. Lakini haielekei kulitupa pia. Neno geni liingiapo katika lugha mara nyingi hutafuta neno la wenyeji linalofanana nalo na kuvaa nguo zake. Na Kiswahili chenyewe kimefanya vivyo hivyo katika neno hilo hilo, kwa kuwa pepo aliyesikiwa na Christie amegeuka kuwa popo katika umbo la leo, kidingapopo, ingawa mnyama popo hana sehemu yoyote katika habari hii.

Lililo muhimu zaidi ya asili ya neno ni yaliyolipata baadaye. Jina la homa ya dengue lilienea duniani na kufunika kila homa ya ghafula yenye maumivu ya mwili na vipele. Ile iliyoelezwa na Benjamin Rush kutokana na mji wa Philadelphia mwaka 1780, ambayo wagonjwa walisema yavunja mifupa, iliingizwa humo. Na ile iliyoelezwa na David Bylon huko Batavia mwaka 1779, ambayo Waholanzi waliiita homa ya vifundo, iliingizwa humo pia. Kisha vita ya pili ya dunia ikafika, askari wakaugua katika Pasifiki, na mwaka 1943 Kimura na Hotta wa Japani, na baada yao Albert Sabin wa Marekani, wakavipata virusi vya homa hiyo. Tangu siku hiyo jina dengue likawa mali ya virusi hivyo, na vitabu vikaandikwa upya kwa kufuata hivyo. Sasa, virusi vya dengue huleta maumivu ya misuli na mifupa, na maumivu nyuma ya macho, na mara nyingine huleta kutoka damu. Lakini uvimbe na maumivu ya viungo yanayodumu miezi si desturi yake. Yaani jina lililowekwa na watu kwa ajili ya maradhi ya viungo lilipewa maradhi mengine, na yale ya viungo yakabaki hayana jina wala nafasi katika elimu.

Nafasi yake ilipatikana Newala. Uwanda wa juu wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, una mvua za kutosha kilimo lakini hauna maji ya kukaa. Udongo huyanywa, na zamani wanawake walishuka mabondeni mwendo wa saa nyingi kuyateka. Maji yaliyopatikana kwa taabu namna hiyo hayakumwagwa. Yaliwekwa nyumbani katika mitungi, siku baada ya siku, na mbu aitwaye Aedes aegypti, ambaye hupenda maji safi yaliyotulia karibu na watu, alipata makao. Kati ya mwaka 1952 na 1953 homa iliupiga uwanda huo kijiji kwa kijiji. Daktari Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa, W. H. R. Lumsden wa taasisi ya uchunguzi wa virusi iliyokuwa Entebbe aliandika habari za kuenea kwake, na R. W. Ross akavitoa virusi katika damu ya wagonjwa na katika mbu. Taarifa za wawili wa kwanza zilitoka mwaka 1955, ya Ross mwaka 1956. Wote waliona kwamba kwa macho maradhi haya yalikuwa karibu sana kuitwa dengue. Virusi ndivyo vilivyokataa: havikuwa vya dengue wala vya jamaa yake.

Ilibidi kuvipa jina, na watafiti wakachukua lile lililokuwa likitumiwa na wagonjwa: chikungunya. Kiambishi chi- cha Kimakonde ndicho ki- cha Kiswahili, na shina latokana na kitenzi kungunyala, chenye maana ya kukauka na kujipinda. Ni jina la kitu kimpindacho mtu. Aliyemwona mgonjwa wa maradhi haya akijaribu kuinuka kitandani, mgongo umeinama na mikono imekunjika, hahitaji tafsiri ndefu zaidi. Wala lisipitwe hili, kwamba kitenzi hicho cha Kimakonde kimekusanya mambo mawili, ukavu na kupinda. Na ukavu ndio uliomo katika yabisi ya Waswahili. Tabibu wa Kiyunani na mkulima wa Newala hawakupata kukutana, lakini walipotazama kiungo kilichokataa kukunjuka waliona jambo moja.

Kwa muda mrefu vitabu vya tiba vimeandika kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili. Sivyo, na kosa hilo limekwisha kusahihishwa kwa maandishi mwaka 2008, ingawa bado lachapishwa. Pengine litaonekana dogo. Lakini lugha ya Newala ilistahili kutajwa, kwa sababu Kiswahili tayari kilikuwa na jina lake kwa maradhi hayo hayo, na jina hilo lilikuwa limechukuliwa.

Aliyelionyesha jambo hili waziwazi ni Donald Carey, katika makala ya historia ya tiba iliyotoka mwaka 1971. Aliyasoma tena maelezo ya Christie, ya Bylon na ya madaktari wa Karibi, akayapima kwa dalili moja tu, yaani viungo: vilivimba au havikuvimba, viliuma siku ngapi. Hitimisho lake ni kwamba maradhi ya Unguja ya mwaka 1823 na ya 1870 yaelekea kuwa chikungunya, na kwamba tabia ya kuyaita dengue iliyafanya yasionekane. Kidinga pepo ya wazee wa Unguja na chikungunya ya Newala ni kitu kimoja kwa majina mawili. Siku hizi Kiswahili cha Tanzania chatumia kidingapopo kufasiri dengue, kama ilivyosikika katika milipuko ya Dar es Salaam ya mwaka 2014 na 2019. Neno lilitoka na maana yake, likarudi na maana ya wengine.

Miaka michache baada ya Newala, kaskazini mwa Uganda iliongeza jina la tatu. Mwaka 1959 homa ya maungo ilianza huko na kuenea Uganda nzima, Kenya, Tanganyika na nchi za jirani, hata ikakadiriwa kuwapata watu wapatao milioni mbili. Waacholi waliiita o'nyong'nyong, kulegea kwa viungo kwa maumivu, na watafiti wa Entebbe wakalipokea jina hilo kama walivyolipokea la Kimakonde. Virusi vyake ni ndugu wa vile vya chikungunya, ila vyaenezwa na mbu wa malaria. Wamakonde walisema kupinda, Waacholi walisema kulegea. Virusi hivi viwili hufanana sana hata katika maabara, na hapana haja ya kudai kwamba majina yenyewe huvitenganisha; yatosha kwamba kila mmoja aliuelekeza mkono wake kwenye viungo, si kwenye homa. Daktari mgeni alitazama kipimajoto kwanza.

Mwaka 2004 Lamu ilipatwa na ukame, watu wakahifadhi maji majumbani kama walivyofanya Wamakonde miaka hamsini nyuma, na chikungunya ikaingia. Uchunguzi uliofuata ulikadiria kwamba robo tatu ya watu wa mji waliambukizwa. Kutoka hapo ilikwenda Mombasa, Komoro, Réunion na Bara Hindi, na katika mwezi wa Desemba 2013 ilitambuliwa katika kisiwa cha Saint Martin, si mbali na Saint Thomas ya mwaka 1827. Huko Réunion, ambako zaidi ya watu laki mbili na nusu waliugua mwaka 2005 na 2006, madaktari walipata wagonjwa wengi wa kutosha kuwafuatilia kwa miaka, na ikathibitika kwamba kwa baadhi yao viungo huendelea kuvimba na kuuma muda mrefu baada ya virusi kutoweka katika damu, kwa namna inayofanana na ugonjwa uliopewa jina na Garrod. Ndiyo maana leo chikungunya yachunguzwa na wataalamu wa viungo, si na wataalamu wa homa peke yao.

Yote haya yaweza kuonekana kuwa habari za pwani na za visiwa. Lakini katika bara, na hasa katika nchi ya Mbulu na Hanang, swali la jina ni zito zaidi, kwa kuwa huko hukutana lugha za nasaba mbalimbali mno: Kiiraqw cha jamii ya Kikushi, Kidatoga cha Kiniloti, Kinyiramba cha Kibantu, na upande wa ziwa Eyasi Kihadza, kisicho na ndugu anayejulikana. Baina ya mgonjwa na tabibu aghalabu ni Kiswahili kinachosimama, na mara nyingi si lugha ya mama ya yeyote kati yao. Mtu wa Getanuwas huishi na ng'ombe, mbuzi na kondoo; husaidia mnyama anapozaa, na hushika mimba iliyotoka. Wafugaji wana jina la Kiswahili kwa maradhi hayo ya mifugo, ugonjwa wa kutupa mimba, jina zuri na sahihi. Ni bakteria aliyegunduliwa Malta mwaka 1887 na David Bruce, na ambaye Themistocles Zammit alimwona katika mbuzi wa kisiwa hicho mwaka 1905, wenye kutoa maziwa yaliyokuwa yakinywewa na watu. Utafiti uliofanywa katika mikoa ya Arusha na Manyara na kutolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wanaosaidia mifugo inayoharibu mimba wamo katika hatari kubwa zaidi ya kuugua.

Lakini mtu akiugua hatupi mimba ya ng'ombe. Hupata homa ijayo na kuondoka, jasho la usiku, na maumivu ya kiuno, nyonga, magoti na uti wa mgongo ambayo huweza kudumu miezi. Jina la mifugo halimfikii. Kwa Kiswahili atasema maungo yaniuma, au ana baridi yabisi, na akiwa na joto siku hiyo ataambiwa ni malaria. Dawa za kuua bakteria huyo zapatikana, tena si ngeni, ila lazima zitumiwe kwa majuma kadha na zianze mapema. Na dawa ya kutuliza maumivu ambayo hupewa mwenye baridi yabisi haimgusi bakteria hata kidogo. Hapa kamusi na zahanati zimekaribiana kuliko watungaji wa kamusi wanavyodhani. Yafaa ugonjwa huo upate kwa mwanadamu jina la Kiswahili lenye kutaja viungo na mifugo pamoja, na si vibaya watungaji wake wakaanza kwa kuuliza Wabarabaig na Wairaqw wanauitaje, kama Christie alivyouliza Unguja.

Ukubwa wa jambo lenyewe umekwisha kupimwa. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, hospitali mbili za Moshi ziliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari waliandika malaria kwa 528 kati yao. Maabara ilikuta malaria ndiyo sababu ya homa kwa 14. Kati ya 453 waliopimwa ugonjwa wa Bruce, 16 walikuwa nao. Na kati ya 700 waliopimwa virusi vienezwavyo na mbu, 55 walikuwa na maradhi mapya ya virusi hivyo, nayo yote yalikuwa chikungunya.